Elimu kwa Wote, Hata kwa Aliyekamatwa

Kaulimbiu ya Elimu kwa Wote ilitangazwa Jomtien, nchini Thailand, mwaka 1990, ikathibitishwa upya mjini Dakar mwaka 2000. Nchini Kenya ilianza kuonekana kwa macho Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo na watoto wakafurika madarasani. Kwa mkazi wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, kaulimbiu hiyo ina ladha ya ziada, kwani inasikika kana kwamba ahadi ya ulimwengu mzima imeandikwa kwa jina la mji wake. Hata hivyo, neno hilo katika sarufi ya Kiswahili halina mwanya. Halisemi wengi, wala halisemi wema. Yafaa basi kuulizwa: je, linamjumuisha kijana aliyelala jana usiku katika seli ya kituo cha polisi?

Swali hilo si la nadharia tupu. Wapo wanafunzi wanaokutana na polisi kabla hawajakutana na hakimu, na baadhi yao hawamfikii hakimu kamwe. Mmoja ananaswa katika msako sokoni. Mwingine anateremshwa kwenye matatu siku ya kufunga shule. Wa tatu anaitwa kuandikisha taarifa kuhusu mgomo bwenini. Wa nne ni msichana aliyetendewa unyama, naye amefika kituoni kuomba haki. Visa hivi havilingani kwa uzito, lakini vinafanana kwa jambo moja: siku inayofuata, kiti cha mwanafunzi huyo darasani kiko wazi. Makala haya yanashikilia kwamba madhara makubwa ya mtoto kuguswa na polisi aghalabu si adhabu ya mahakama, ambayo huenda isije, bali ni kiti hicho kilicho wazi; na kwamba dola iliyomlazimisha mtoto kwenda shule haina budi kuwajibika kwa kila siku ambayo mkono wake mwingine umemtoa humo.

Mikono miwili ya dola moja

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bila malipo na ya lazima. Kifungu hicho hicho, cha 53, kinaamuru kwamba mtoto asizuiliwe ila pale ambapo hakuna njia nyingine, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima. Haki hizi mbili ziliwekwa katika kifungu kimoja, na zinafaa kusomwa pamoja: mtoto hazuiliwi ovyo kwa sababu ana mahali pengine anapopaswa kuwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi. Mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Kuanzia mwaka 2018, serikali ilipotangaza kwamba wote waliomaliza shule ya msingi sharti wajiunge na sekondari, machifu na manaibu wao walizunguka vijijini, nyumba kwa nyumba, kuwasaka watoto ambao hawakuwa wameripoti. Katika Ukambani, ambako mvua ikikosa karo nayo hukosa, si wachache waliorudi darasani kwa sababu afisa wa serikali alibisha hodi. Hilo lilikuwa jema. Lilionyesha kwamba sare ya serikali si lazima iwe adui wa kalamu.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kabla yake, mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai nchini Kenya. Sheria hiyo iliupandisha umri huo hadi miaka 12, na ikaweka kwamba aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aidha, ilifungua njia ya kumwepusha mtoto na mkondo wa mahakama kwa hatua nyepesi zaidi: kuomba radhi, kuwekwa chini ya uangalizi, na hata kuamriwa kuhudhuria shule. Hatua hii ya mwisho inastahili kutiliwa mkazo. Watunga sheria waliiona shule kuwa dawa ya mtoto aliyepotoka, wala si tuzo ya mtoto aliyetulia.

Kwa maandishi, basi, mambo yamenyooka. Tatizo ni kwamba mkono unaomsukuma mtoto darasani na mkono unaomtoa humo ni ya mwili mmoja, lakini haisemezani. Afisa anayemfungia kijana Ijumaa jioni hana wajibu wa kuuliza mtihani wake ni lini. Mwalimu anayeandika alama ya kutokuwepo kwenye rejista hana safu ya kueleza kwamba mtoto huyu hakutoroka, bali alichukuliwa.

Siku zinavyopotea

Chukua mfano wa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa viungani mwa Wote, mwenye miaka 16. Makueni ni nchi ya mito ya msimu, na mchanga wa mito kama Kaiti na Thwake umekuwa mali kwa wajenzi wa Nairobi. Kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na uchimbaji usio na kibali ni kosa. Hata hivyo malori huja, hasa usiku, na wapakiaji hutafutwa miongoni mwa vijana wa vijiji vya karibu. Kijana huyu anakwenda mtoni Ijumaa usiku kutafuta hela za chakula cha shuleni. Polisi wanafika. Mwenye lori anakimbia, au anamalizana nao kwa njia zake. Aliyeshika koleo ndiye anayepandishwa kwenye landrova.

Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama, hungojewa siku ya kazi inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku huweza kukaa kituoni hadi Jumatatu. Jumatatu anasomewa mashtaka katika Mahakama ya Makueni, hapo hapo Wote. Akipata mdhamini anarudi nyumbani. Asipompata, hupelekwa katika makao ya mahabusu ya watoto, na hayo yako Machakos, nje ya kaunti yake, mbali na shule yake. Tangu hapo kuna tarehe ya kutajwa kesi, tarehe ya kusikilizwa, na tarehe nyingine kwa sababu shahidi hakufika. Tarehe hizo ni za siku za kazi, na siku za kazi za mahakama ndizo siku za masomo. Kesi ndogo ambayo mwishowe inaondolewa huwa imekwisha kumla mtoto majuma ya masomo, vipande kwa vipande.

Zaidi ya siku kuna fedha. Dhamana ya polisi ni bure kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Dhamana ya mahakama huweza kudai fedha taslimu. Mbuzi aliyekuwa auzwe kwa karo ya muhula anauzwa kwa dhamana, nauli na chakula cha kupeleka kituoni. Kijana ameachiliwa, lakini sasa anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Rejista itasema ni umaskini uliomtoa shuleni. Haitasema umaskini huo ulizidishwa wapi.

Upande wa pili wa Mto Athi, katika Kaunti ya Kitui, mambo si tofauti. Huko nako mchanga na makaa vimekuwa njia za kijana maskini kujipatia shilingi, na mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku usafirishaji wa bidhaa hizo kwenda nje. Kila marufuku ina sababu zake, na mazingira ya Ukambani yanahitaji ulinzi. Lakini kila marufuku huongeza pia idadi ya vijana wanaoweza kukutana na askari njiani, na hakuna marufuku ambayo imewahi kuandamana na maagizo ya namna ya kumrudisha darasani mwanafunzi atakayenaswa nayo.

Yupo pia mwanafunzi anayesahaulika kabisa, yaani yule ambaye si mshukiwa bali ni mlalamishi. Msichana aliyenajisiwa sharti aandikishe taarifa, ajaziwe fomu ya P3 hospitalini, arudi kituoni, kisha asubiri kuitwa kutoa ushahidi. Kesi ikiahirishwa, naye huahirisha masomo. Kila anapoomba ruhusa, lazima amweleze mwalimu sababu, na siri yake inazidi kupata masikio. Baadhi ya familia huamua kuiacha kesi ili mtoto asome. Nyingine huamua kumwondoa mtoto shuleni ili kesi iendelee. Sheria haikukusudia mtoto alazimishwe kuchagua kati ya haki mbili zilizo zake.

Kadhalika kuna visa vya mvulana na msichana wa umri mmoja waliopendana. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 iliwekwa ili kuwalinda watoto dhidi ya watu wazima wanaowaharibu, na kazi hiyo ni adhimu. Lakini wazazi wakigombana, sheria hiyo hiyo humshukia mvulana wa shule, naye hukabiliwa na kosa ambalo kwa mtu mzima adhabu yake ni miaka 15 au zaidi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Homa Bay ilikuta kwamba kumshtaki mvulana peke yake, ilhali yeye na msichana wote walikuwa watoto, ni ubaguzi. Uamuzi huo ulisaidia kuonyesha dosari. Lakini mahakama haina uwezo wa kumrudishia mtoto muhula uliopita.

Mkamatwa na ngozi

Wahenga walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Methali hii inatumika sana, na ni hatari ikiingizwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Katiba inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo. Methali inasema aliyekamatwa amekwisha hukumiwa. Kati ya kauli hizi mbili, jamii huifuata ya pili kwa wepesi, kwa sababu imo katika ulimi wake tangu utotoni.

Hapa ndipo suala hili linapowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Lugha ina maneno ya kutosha ya kutenganisha hatua za haki. Mshukiwa ni anayedhaniwa. Mtuhumiwa ni aliyetajwa kwa kosa. Mshtakiwa ni aliyesomewa mashtaka. Mhalifu ni yule ambaye hatia yake imethibitishwa. Hata hivyo, katika taarifa za redio, katika baraza la chifu na katika mkutano wa asubuhi shuleni, ngazi hizi zote huporomoshwa kwa neno moja. Mwanafunzi aliyekuwa mshukiwa Ijumaa anarudi Jumanne akiwa "jambazi", "mhuni" au "mchomaji". Wenzake hawana haja ya kusoma hati ya mashtaka; jina limekwisha tolewa. Na jina baya humfukuza mtoto shuleni bila barua ya mkuu wa shule.

Wasomaji wa riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka 2013, watakumbuka jinsi Amani na Imani wanavyotiwa korokoroni kwa kifo cha mtoto mchanga ambaye walikuwa wamemhurumia na kumlea. Maelfu ya wanafunzi waliandika insha za kuwatetea wahusika hao. Ni ajabu kwamba shule zilizofundisha riwaya hiyo kwa ufasaha zinaweza kumwambia mtoto wa kweli, aliyeachiliwa bila mashtaka, akae nyumbani mpaka mambo yapoe.

Hofu ya jina imewahi kutumiwa hata na dola kama silaha. Mwaka 2018, wakati wa wimbi la machafuko shuleni, Idara ya Upelelezi wa Jinai ilionya kwamba makosa ya wanafunzi yangehifadhiwa katika kumbukumbu na kuonekana katika vyeti vyao vya tabia njema. Nia ilikuwa kuwatisha wasichome mabweni. Lakini kijana anayeambiwa kwamba mlango wa ajira umekwisha fungwa ana sababu gani ya kuendelea kukesha na vitabu? Onyo lililokusudiwa kuilinda shule linaweza kumfanya aliyekosea mara moja aione shule kuwa haina faida tena.

Mfano mzito zaidi ni ule wa Agosti 2015. Polisi walilisimamisha gari lililowabeba wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya shule kufungwa, wakiwashuku kuwa na bangi. Msichana mmoja alipekuliwa kwa kuvuliwa nguo, na picha zake zikasambaa mtandaoni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake za utu na faragha zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 4. Uamuzi huo ni ushindi kwa sheria. Lakini yafaa kufikiri juu ya siku ya kufungua shule iliyofuata, na juu ya kila msichana mwingine aliyeziona picha hizo na kupanda matatu akiwa amevaa sare.

Ushahidi wa kwingineko

Wapo watakaosema kwamba sababu imegeuzwa kuwa matokeo: kwamba kijana anayekamatwa ni yule ambaye tayari alikuwa mtoro, na polisi wamemkuta tu alipokwisha fika. Hoja hii ina uzito, na haipasi kupuuzwa. Kijana aliye mtoni saa ambayo wenzake wako darasani ni rahisi zaidi kunaswa.

Hata hivyo, wanazuoni wamejaribu kulitenganisha jambo hili. Mwaka 2013, David Kirk na Robert Sampson walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Chicago, nchini Marekani. Waliwalinganisha vijana waliokamatwa na wengine waliofanana nao kwa familia, mtaa, maksi na tabia, ila tu hawakukamatwa. Miongoni mwa waliokamatwa, asilimia 73 waliacha shule ya sekondari baadaye. Miongoni mwa wenzao ilikuwa asilimia 51. Tofauti hiyo ya asilimia 22 haiwezi kuelezwa kwa utukutu wa awali, kwa kuwa utukutu huo ulikuwemo pande zote mbili. Mwaka 2019, Joscha Legewie na Jeffrey Fagan walionyesha kwamba polisi walipoongezwa kwa wingi katika mitaa fulani ya New York, alama za mtihani za wavulana wenye asili ya Kiafrika katika mitaa hiyo zilishuka. Hapa hapakuhitajika mtoto mwenyewe awe amekamatwa. Ilitosha kuishi mahali ambapo kusimamishwa na askari ni jambo la kila siku.

Chicago si Wote. Huko kuna historia ya ubaguzi wa rangi na wingi wa silaha ambao Makueni haina. Lakini njia ambazo madhara hupitia zinajulikana pande zote: siku zinazopotea, fedha zinazomalizika, jina linalochafuka, na imani inayovunjika kwamba wakubwa wanamtakia mtoto mema. Njia hizo hazina rangi wala bara.

Hofu za wazazi na walimu

Haitakuwa haki kuzungumzia suala hili bila kutaja hofu zilizo upande wa pili. Ukambani una jeraha lake. Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, katika Wilaya ya Machakos ya wakati huo. Mzazi yeyote wa eneo hili anayesikia harufu ya petroli shuleni ana haki ya kutaka polisi waje upesi. Vilevile, katika vita vya mchanga, askari polisi mmoja aliuawa Makueni mwaka 2011 baada ya kusimama kidete dhidi ya wachimbaji. Askari si watu wa mbali. Ni wana wa nyumba hizi hizi, katika eneo ambalo tangu zama za mkoloni limetoa vijana wengi kwa jeshi na polisi. Mara nyingi askari anayemkamata mwanafunzi naye ana mtoto anayemlipia karo.

Kwa hiyo hoja si kwamba mwanafunzi asikamatwe kamwe, wala kwamba moto wa shule usichunguzwe. Hoja ni kwamba uchunguzi ni jambo moja na kumtoa mtoto katika elimu ni jambo jingine, na la pili halipasi kuwa kivuli cha la kwanza. Walimu hupenda kusema samaki mmoja akioza huoza wote. Lakini wahenga hao hao walisema samaki mkunje angali mbichi. Anayemkunja samaki humshika mkononi. Anayemtupa nje ya kapu hajamkunja, amempa paka. Mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya kukamatwa haachi kuwa mwana wa Wote. Anakuwa tu kijana wa sokoni asiye na rejista ya kumwita jina kila asubuhi, na msako unaofuata hautakuwa na shida ya kumpata.

Yanayowezekana

Suluhisho nyingi katika jambo hili hazihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. La kwanza ni kiti. Bodi za shule zikubaliane kwamba kukamatwa peke yake hakumwondolei mwanafunzi nafasi yake. Pale ambapo usalama wa wenzake unahitaji akae kando kwa muda, shule iandike ni kwa siku ngapi, na impelekee kazi za masomo huko aliko. Kwa miaka kadhaa magazeti yameripoti habari za watahiniwa wa KCSE waliofanyia mtihani katika vituo vya polisi au magereza. Karatasi husafirishwa, msimamizi hukaa mlangoni, na mtihani hufanyika. Ikiwa mtihani waweza kumfuata mtoto hadi seli, vitabu vyake vinashindwa na nini?

La pili ni kalenda. Mahakama zinajua likizo za Aprili, Agosti na Desemba kama shule zinavyozijua. Kesi ya mtoto ambaye yuko nje kwa dhamana inaweza kupangiwa kutajwa wakati wa likizo, au alasiri. Tangu mwaka 2020 mahakama za Kenya zimezoea kusikiliza baadhi ya mambo kwa njia ya mtandao. Kutajwa kwa kesi kwa dakika tano hakupasi kumgharimu mwanafunzi siku nzima na nauli ya matatu.

La tatu ni ufuatiliaji. Chifu aliyeweza kumtafuta mtoto ambaye hakuripoti kidato cha kwanza anaweza pia kumtafuta aliyeachiliwa na polisi juma lililopita. Afisa wa watoto, mkuu wa kituo na mwalimu mkuu wote wana simu. Ujumbe mmoja unaosema mtoto fulani ameachiliwa leo, tafadhali mpokeeni kesho, ungeokoa majuma ya kujificha. Na mzazi aambiwe tangu mlangoni, kwa lugha aijuayo, kwamba dhamana ya polisi hailipiwi.

La nne ni lugha, na hili ni la wanaokisoma na kukifundisha Kiswahili. Katiba inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa apewe mkalimani bila malipo. Lakini kitabu cha matukio kituoni na hati ya mashtaka kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa Makueni anawaza kwa Kikamba na kujieleza kwa Kiswahili. Anatia sahihi maneno ambayo hangeweza kuyasoma mbele ya darasa. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hufanya makongamano kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia, na ni vyema. Vingefanya vyema zaidi kama vingetoa, kwa Kiswahili chepesi na kwa Kikamba, ukurasa mmoja wa haki za mtoto aliyekamatwa, ukabandikwa katika kituo cha polisi cha Wote, katika ofisi za machifu na katika vyumba vya walimu. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wa ng'ambo. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, chenye makao yake Kwa Vonza huko Kitui, hakiko mbali, na wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka pande zote mbili za Mto Athi wanazimudu lugha zote mbili.

Aidha, mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ambayo mwalimu wa somo jingine hana. Ndiye anayefundisha tofauti ya mshukiwa na mhalifu, ya tuhuma na hatia. Anaweza kuifundisha kama orodha ya msamiati wa kukariri, au kama adabu ya kuishi na watu. Siku ambayo mwanafunzi aliyelala kituoni atarudi darasani na mwalimu akamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi, akamwonyesha ukurasa ambapo wenzake wamefika, wanafunzi wengine 40 watakuwa wamejifunza maana ya maneno hayo bila ubao kuandikwa.

Udongo uwahi ungali maji. Dola imekwisha kutunga sheria nzuri, na imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kumtafuta mtoto nyumba kwa nyumba. Kilichobaki ni kumtafuta na yule ambaye ni yenyewe iliyempoteza.